Nani Kasema Bi Harusi Hapelekewi Mashine ya Mtumba?



Leo maneno yangu yatakuwa makali kidogo, mtanivumilia. Kuna msemo unaozunguka kwenye vikao vya harusi, kwetu huku Temeke na Kinondoni, na nasikia hata kwenu Unguja umeshavuka bahari: "Bi harusi hapelekewi mtumba." Wanausema mashangazi, wanausema kina somo, na wenyekiti wa kamati wanausema kwa sauti kubwa zaidi ingawa wao ndio waliochangia kidogo. Na chombo kinachosemwa sana siku hizi ni mashine ya kufyonza vumbi, ile tunayoiita vakyumu. Ikiwa mpya, hata kama ni plastiki nyepesi ambayo fungate ikiisha nayo imekwisha, inapigiwa vigelegele. Ikiwa ya mtumba, hata kama ni nzito, nzima na inafyonza mpaka zulia linainuka, inafichwa nyuma ya mlango wageni wasiione.

Mimi nasema wenye msemo huo wanawatia mabinti kwenye madeni na wanajiita watetezi wa heshima yao.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi na ya singo, na mtu unapompima kifua na kiuno anakwambia mengi ambayo mama yake hajayasikia. Kuna binti mmoja alikuja kupimwa mara ya pili, gauni likampwaya vidole vinne kila upande. Nikadhani ni mawazo ya harusi. Kumbe ni simu. Alikuwa amekopa kwenye simu ili amalizie orodha ya vyombo aliyoandikiwa, na ndani ya orodha ile mlikuwa na mashine ya kufyonza vumbi ya shilingi laki tatu na nusu, mpya, na rangi yake imetajwa. Siku ya kurudisha ilipopita wakopeshaji wakaanza kuwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake. Wifi mtarajiwa akaupata. Mkwe akaupata. Haya, niambieni, heshima iliyolindwa hapo ni ipi?

Na msidhani ni yeye peke yake. Mikopo hii mitaani imepewa jina la kausha damu, na jina halikuja bure. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni. Sitini na tisa! Lakini hata mwenye leseni, kwetu sisi Waislamu kuna swali lingine kabla ya leseni: riba. Shangazi aliyeinua pua kwa sababu ya mtumba, mbona hakuuliza hela ya kununulia mpya imetoka wapi? Mtumba si haramu. Riba mnaijua hukumu yake. Tumefika mahali ambapo halali inaonewa haya na haramu inafungiwa utepe mwekundu.

Halafu tuambizane ukweli. Huyo anayesema mtumba ni aibu, kanzu ya mumewe imekaa juu ya kochi gani? Baibui ni jipya, sawa, lakini pochi na viatu ni vya Karume, tena vimechaguliwa alfajiri bandali likifunguliwa. Pazia zimetoka Uingereza zikiwa na alama za pini za mwenyewe, nimezikata mimi na kuzipinda mimi. Na gari lililomleta bwana harusi ni la Japani, limetembea huko miaka kadhaa chini ya makalio ya mtu asiyemjua, likaletwa kwa meli, likapigwa polishi, likafungwa maua. Hilo mbona halifichwi nyuma ya mlango? Tunachokionea haya si mtumba. Tunakionea haya kitu ambacho bei yake ndogo inajulikana na kila mtu.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe, maana wengi wanaoisema hawajawahi hata kuifungua kifuniko.

Ninayoizungumzia ni ile ya kusimama, yenye mpini mrefu, unaisukuma mbele na nyuma kama unavyopiga dekio. Chini ina brashi ya duara inayozunguka na kulipiga zulia, juu kuna mota yenye feni inayovuta hewa, na vumbi linaishia kwenye mfuko au kwenye kopo. Basi. Hakuna uchawi. Aliyeitengeneza ya kwanza ya umeme ya namna hii alikuwa mfagiaji wa jengo la maduka katika mji wa Canton, jimbo la Ohio kule Marekani, jina lake James Murray Spangler. Alikuwa na pumu na vumbi la mazulia lilikuwa linamuua taratibu. Akachukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto ikawa ndiyo mfuko wa vumbi. Hati yake ya uvumbuzi aliipata mwaka 1908, kisha akamuuzia William Hoover, mume wa binamu yake, na ndipo jina la Hoover likaenea duniani. Foronya, mnanisikia? Kitu hiki kimeanzia kwenye kitambaa na mshono, kwa hiyo asije mtu akaniambia hakiniusu mimi fundi nguo.

Kwa nini ya mtumba ni rahisi? Si kwa sababu imekufa. Uingereza karibu kila nyumba ina mazulia, na kila nyumba ina mashine. Siku mkanda wa mpira ukikatika au bomba likiziba, mwenyewe anapiga hesabu: fundi wa kule ni ghali, mpya inauzwa mwisho wa mtaa. Anaitupa. Inaingia kwenye kontena na magodoro na baiskeli za watoto, inafika kwetu, na mwuzaji hapa naye hajui inaumwa nini. Anachotaka ni nafasi tu ya kupanga mafriji. Hapo ndipo mwanamke mwenye akili anapoingia.

Na Mungu ametusahilishia jingine. Umeme wetu na wa Uingereza ni mmoja, volti 230 na haizi 50, na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani. Unachomeka moja kwa moja. Lakini soma kile kibati kilichogundishwa nyuma au chini kabla hujatoa hela. Kikisema 220–240V, endelea. Kikisema 120V na 60Hz, hiyo ni ya Marekani. Kikisema 100V, ni ya Japani. Ukizichomeka ukutani hapa zitatoa moshi mbele yako, na kununua transfoma nzito ya kuzihudumia ni kuongeza gharama juu ya gharama. Ziache. Na zile zisizo na waya, zinazotumia betri, ziache pia kama ni za mtumba, maana betri imeshazeeka na betri mpya inaweza kukugharimu kuliko mashine yenyewe.

Msibabaishwe na wati. Kuna wauzaji wanapiga kelele "wati elfu mbili, mama!" kana kwamba wanauza jenereta. Wati ni umeme inaokula, siyo nguvu inayovuta. Umoja wa Ulaya uliweka mpaka wa wati 1,600 Septemba 2014, kisha ukashusha hadi chini ya 900 Septemba 2017, na watu wa huko hawakulala kwenye vumbi. Kwa anayehofia LUKU, au TUKUZA kwenu Zanzibar, hesabu ni hii: mashine ya wati 1,400 ukiitumia nusu saa kila wiki, mwezi mzima ni karibu uniti tatu.

Ya kwangu niliinunua Temeke kwa elfu arobaini na tano, haivuti. Mwuzaji akaniambia kwa huruma, "Dada, hii mota imechoka." Nikaipindua. Brashi ilikuwa imefungwa na nywele na nyuzi mpaka haizunguki, na mkanda umekatika. Mota ilikuwa nzima. Nilimlipa nikaondoka haraka asije akabadilisha mawazo. Mkanda elfu sita, kaboni mbili pamoja na mkono wa fundi elfu kumi. Jumla elfu sitini na moja, na iko kwenye karakana yangu mwaka wa pili huu. Sasa rudini kwenye ile laki tatu na nusu ya yule binti.

Lakini kabla sijasema nilivyoisafisha, kuna hoja moja nzito ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu ndiyo inayonyamazisha watu: mbwa. "Hizo mashine zimefyonza manyoya ya mbwa wa wazungu, utaiingiza vipi kwenye zulia unalosalia?" Hoja hii ina msingi na sitaki kuidharau. Sisi wengi wa pwani ni Shafi, na kwa madhehebu yetu najisi ya mbwa ni nzito, huoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini mbona hoja inakuja kwenye mashine tu? Zulia la mtumba ulilotandika sebuleni limetoka nyumba hiyo hiyo. Kochi ndilo hasa alilolalia huyo mbwa. Blanketi je?

Tena fiqhi haifanyi kazi kwa kukisia. Asili ya kitu ni tohara mpaka ujue kwa yakini kwamba kimenajisika, na kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Kama huna ulichokiona, una shaka tu. Kama umeyaona manyoya kwa macho yako, basi unajua la kufanya: toa manyoya yote, mfuko wa zamani tupa kabisa, kisha kopo, bomba na brashi vioshe kama sheria inavyotaka, mara saba na udongo humo. Hivyo vyote vinafunguka na vinaosheka. Nafsi yako ikibaki na wasiwasi, muulize sheikh wako, usimuulize mwenyekiti wa kamati ya harusi. Na jingine linalosahaulika: mashine hii haitoharishi. Mtoto akikojoa kwenye zulia, pale panataka maji kama siku zote. Inaondoa vumbi, haiondoi najisi.

Haya, usafi. Kwanza chomoa plagi. Usifungue kitu plagi ikiwa ukutani, hata kama swichi imezimwa. Pindua mashine, fungua bamba la chini kwa bisibisi, utaiona brashi. Hapa mafundi nguo wenzangu tunawazidi mafundi wote wa mjini, kwa sababu tuna kifumulio. Kile kile unachofumulia mshono, kipitishe chini ya nywele na nyuzi zilizojiviringisha, kata, vuta. Zinatoka mafungu mafungu kama wigi. Angalia ncha mbili za brashi, nywele huingia mpaka kwenye beringi na kuifanya ipige kelele kama ina njaa. Mkanda una namba imechapwa juu yake, chukua wa zamani uende nao dukani hata kama umekatika. Mkanda wa cherehani hauingii, msijidanganye, nimeona watu wakiujaribu.

Kisha bomba. Lichomoe pande zote mbili uchungulie kwenye mwanga. Nimewahi kukuta soksi ya mtoto mzima humo, iko salama, nikaifua ikavaliwa. Machujio ya sponji yaoshe kwa maji matupu mpaka yatoke meupe, halafu yaanike siku nzima, na wakati wa masika na unyevu huu wetu ni siku mbili. Usirudishe chujio bichi, maji yakivutwa kwenye mota umeua. Lakini chujio la karatasi iliyokunjwa kunjwa, kama halijaandikwa kwamba linaoshwa, usilioshe. Likung'ute nje, upepo ukiwa nyuma yako.

Mota ndiyo inayowatisha wengi na ndiyo isiyotisha. Mwenye cherehani ndogo ya mezani ya umeme anaijua mota ya aina hii. Ndani kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosugua katikati, na kwa kuwa vinasugua, vinaisha. Dalili yake ni cheche nyingi, harufu ya kuungua, au inawaka na kuzima ukiigonga. Hapo usibuni. Mpelekee fundi wa kusuka mota, yule anayetengeneza drili na blenda, ni kazi ya dakika chache kama kaboni za kipimo chake zipo. Na ikizima yenyewe baada ya dakika kumi, usilie. Nyingi zina swichi ya joto ndani, imezima kujilinda kwa sababu kuna mahali pameziba. Iache ipoe, tafuta palipoziba.

Mfuko nimeshona mwenyewe. Mifuko ya karatasi ya kampuni ni shida kuipata huku, na hata ukiipata ni hela kila mara. Nilifumua ule wa zamani, nikaufanya patani, nikakata kitambaa cha pamba kilichofumwa karibu karibu, ndani na nje, mshono wa kukunjwa mara mbili usitoe vumbi kwenye tundu za sindano. Ile shingo ngumu ya mfuko nikaioshea na kuirudisha. Kitambaa kikiwa chepesi mno, vumbi laini litapita na kurudi puani mwako. Kikiwa kizito kama turubai, hewa haitoki na mota inachemka. Kishike mdomoni upulize, hewa ipite kwa kubanwa. Ndicho hicho. Kwa wenye karakana kama yangu, pitisheni sumaku sakafuni kwanza muokote sindano na pini, maana pini moja inapasua mfuko wa wiki nzima ya kazi.

Wapo watakaosema, kwani fagio limekufa? Halijakufa. Kama unaishi chumba na sebule chenye sakafu ya saruji na mkeka mmoja, usinunue mashine yoyote, mpya wala ya mtumba. Fagia, deki, hela yako nunua jiko la gesi. Kamati ikikuandikia vakyumu kwenye orodha na wewe huna zulia, ifute mwenyewe kwa kalamu. Lakini ukishatandika zulia la manyoya ukuta kwa ukuta, kama mitindo ya sasa inavyotaka, ufagio wa chelewa haulisafishi. Unalipiga vumbi likapaa, likatulia kwenye pazia na makochi, jioni likarudi chini. Na anayelipiga ni nani? Ni dada wa kazi, mtoto wa mtu kutoka Lushoto au Singida, saa kumi na mbili asubuhi, mlango umefungwa ili vumbi lisiende kwa jirani. Anakohoa wiki ya kwanza mnampa maji ya tangawizi. Anakohoa mwezi wa tatu mnasema ana mapepo au ana mimba. Mabosi wa namna hiyo nimewasikia wakisema mashine ya mtumba haina hadhi ya sebule yao. Mapafu ya huyo binti yana hadhi gani? Spangler alitengeneza mashine kwa sababu aliyekuwa anafagia ni yeye. Angekuwa anafagiliwa, pengine tungekuwa tunapiga chelewa mpaka leo.

Nimalizie na wauzaji, maana nao nawadai. Wapo wanaochukua mashine ya mtumba, wanaipuliza rangi, wanaifunga nailoni, wanaitia kwenye boksi la mpya na kuiuza bei ya mpya kwa mama wa harusi asiyejua. Huo ni udanganyifu, na dini yetu haina lugha laini juu ya anayedanganya kwenye bidhaa. Dalili zake si ngumu: tazama pini za plagi kama zimechubuka, tazama matairi madogo ya chini kama yamelika upande mmoja, ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba. Mpya haina vumbi la mtu. Ukishaona, mwambie mbele ya wateja wake, tena kwa adabu. Wanapata nguvu kwa sababu ya ule msemo wa mashangazi, kwamba mtumba haupelekwi. Tukiacha kuuonea haya, boksi lao halina kazi.

Mimi zangu nazitoa wazi. Mwaka huu nimeshatengeneza mbili na kuwapelekea mabinti niliowashonea, mmoja Mbagala na mmoja Magomeni. Juu ya mpini nilibandika karatasi: imetoka Uingereza, imetumika, mkanda mpya, kaboni mpya, mfuko umeshonwa na mimi, chujio lioshwe kila mwezi. Ya Magomeni ilisomwa kwa sauti na mshereheshaji, ukumbi ukacheka. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na wanawake watatu waliokuwa kwenye meza za mbele, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akinong'ona, wanataka kujua nazipata wapi.